Bibi Marie Curie na Kipimo cha Radiamu

Yeyote aliyepata kumsindikiza mgonjwa wa saratani hospitalini kwenda kutibiwa kwa mionzi ameiona kwa macho yake faida ya elimu ambayo bibi mmoja aliitolea umri wake wote. Bibi huyo ni Marie Curie.

Alizaliwa tarehe 7 Novemba 1867 mjini Warsaw, Polandi, nchi ambayo siku hizo ilitawaliwa na Urusi. Jina la kwao lilikuwa Maria Sklodowska. Baba yake alikuwa mwalimu wa hesabu na fizikia. Mama yake alifariki kwa ugonjwa wa kifua kikuu, Maria akiwa na umri wa miaka kumi tu. Chuo kikuu cha mji huo hakikupokea wanawake, basi akapatana na dada yake Bronislawa. Bronislawa atangulie Paris kusomea udaktari, naye Maria afundishe watoto majumbani mwa watu na kumpelekea fedha. Kisha zamu yake ifuate. Alingoja miaka mingi, hata mwaka 1891 naye akasafiri. Miaka miwili baadaye alitokea wa kwanza katika mtihani wa fizikia wa Sorbonne, na mwaka 1895 akaolewa na mwanachuoni Pierre Curie.

Mwaka 1896 Henri Becquerel aligundua ya kuwa madini ya uraniamu hutoa mionzi isiyoonekana kwa macho. Bibi Curie akashika kazi ya kuipima. Akaona nguvu ya mionzi hufuata wingi wa uraniamu: ukiongeza uraniamu mara mbili, mionzi nayo huwa mara mbili. Lakini jiwe moja jeusi, liitwalo pichiblendi, lilikataa hesabu hiyo. Mionzi yake ilikuwa karibu mara nne ya ile ya uraniamu tupu. Akatambua kwamba ndani yake mna kitu kingine, kichache mno lakini chenye nguvu nyingi. Mwaka 1898 yeye na mumewe wakatangaza vitu viwili vipya: poloniamu, kwa heshima ya nchi yake, na radiamu.

Kutangaza ni jambo moja, kuonyesha ni jambo jingine. Wanakemia walitaka kuiona radiamu yenyewe. Basi tani za mabaki ya jiwe hilo zikaletwa kutoka mgodi wa Joachimsthal, uliokuwa katika dola ya Austria, na Bibi Curie akaanza kazi katika banda bovu lililovuja. Alichemsha hata kilo 20 kwa mara moja, akikoroga kwa fimbo ya chuma iliyokaribia kimo chake. Kisha aliyaacha maji yapoe chumvichumvi zigande, kama maji ya bahari yanavyoacha chumvi yakikauka. Zilizotangulia kuganda ndizo zilizokuwa na radiamu zaidi, kwa hiyo alizitwaa, akaziyeyusha na kuzigandisha upya, mara maelfu. Mwaka 1902 alipata gramu 0.1 ya chumvi safi ya radiamu. Na tupige hesabu: tani moja ni gramu 1,000,000. Hata kama kazi yote ingekuwa ya tani moja tu, alichokipata ni sehemu moja katika sehemu 10,000,000. Haba na haba hujaza kibaba, lakini hapa hata kijiko hakikujaa.

Miaka hiyo hiyo wataalamu wengine walibainisha kwamba mionzi hii ni ya aina tatu. Alfa huzuiwa na karatasi. Beta huzuiwa na bamba la alumini la milimita chache. Gama hupenya mwilini, na kuipunguza kunahitaji ukuta mnene wa madini ya risasi. Lakini ile alfa isiyoweza kupenya ngozi huwa na madhara makubwa kitu kinachoitoa kikivutwa kwa pumzi au kikimezwa. Na radiamu hutoa gesi yenye mionzi hiyo. Mke na mume waliivuta gesi hiyo siku nenda siku rudi, na vidole vyao vikababuka.

Mwaka 1903 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Becquerel. Tarehe 19 Aprili 1906 Pierre aligongwa na gari la farasi akafa, akimwacha mjane na mabinti wawili wadogo. Bibi Curie alishika nafasi ya mumewe, akawa mwanamke wa kwanza kufundisha Sorbonne. Mwaka 1911 akapata Nobel ya pili, ya kemia. Katika Vita Kuu ya Kwanza alipeleka magari ya eksirei karibu na uwanja wa vita, madaktari wapate kuona risasi zilizomo miilini mwa askari.

Yeye na mumewe hawakuifanya njia ya kuchuja radiamu kuwa mali yao, waliitangaza bure. Bei ya radiamu ikapanda hata gramu moja ikafika dola 100,000, na mwaka 1921 wanawake wa Marekani ndio waliochanga fedha za kumnunulia gramu moja aendelee na utafiti.

Alifariki tarehe 4 Julai 1934, uboho wake ukiwa umeshindwa kutengeneza damu, na madaktari wakaihusisha mionzi ya miaka mingi. Mwaka 1995 mabaki yake yalihamishiwa Panthéon, Paris, wanakozikwa mashujaa wa Ufaransa. Baadhi ya madaftari yake yamehifadhiwa katika masanduku ya risasi, kwa maana radiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 1,600. Leo kila mfanyakazi wa chumba cha mionzi huvaa kifaa kinachohesabu kiasi kilichomfikia. Bibi Curie, aliyepima kila chembe iliyopita mikononi mwake, hakuwa na wa kumpimia kilichoingia mwilini mwake. Kiasi kimoja ni dawa, kikizidi ni sumu, na somo hilo wengine tumelipata kwa gharama ya maisha yake.