Heinrich Dressel

Heinrich Dressel (Roma, 16 Juni 1845 – Teisendorf, Bavaria, 17 Julai 1920) alikuwa mwanaakiolojia wa Ujerumani anayejulikana hasa kwa uchunguzi wa mihuri na maandishi ya mitungi ya Roma ya Kale.

Alisoma Ujerumani, akiwa mwanafunzi wa mwanahistoria Theodor Mommsen. Mwaka 1872 alianza kuchunguza Monte Testaccio, kilima cha jijini Roma chenye kimo cha mita 35 hivi, ambacho chote ni vigae vya mitungi, hasa ya mafuta ya zeituni. Kilikuwa jalala, lakini Dressel alilisoma kama daftari la bandari.

Kwenye vishikio aliona mihuri iliyogandamizwa kabla udongo haujachomwa, kwa kawaida herufi chache za jina lililofupishwa. Mwilini mwa mtungi kulikuwa na maandishi ya wino: uzito, jina la mfanyabiashara, pengine hata mwaka. Hivyo ilithibitika kwamba mafuta mengi yalitoka Baetica, kusini mwa Hispania ya leo. Kama jina la muhuri ni la mfinyanzi, la mwenye karakana au la mwenye mafuta, wataalamu bado wanabishana.

Mwaka 1899 jedwali lake la maumbo 45 ya mitungi lilichapishwa katika juzuu ya XV ya Corpus Inscriptionum Latinarum. Namba zake zinatumika hadi leo. Dressel 20, mtungi wa mviringo, ulikuwa na kilo 30 hivi ukiwa mtupu na ulibeba mafuta kilo 70 hivi; wafinyanzi Wakisi wa Ziwa Nyasa, ambao vyungu vyao ni vyembamba na vyepesi, wangeushangaa.

Baadaye alihudumu katika idara ya sarafu ya makumbusho ya Berlin.