Mjuzi wa Lugha Aliyegawa Malisho

Mtaa wa Kihoto, kando ya Ziwa Naivasha, umebeba neno la Kikikuyu lenye maana ya haki, au hoja nzito isiyopingika. Kila nipitapo hapo humkumbuka mtu ambaye wanafunzi wangu wa isimu aghalabu hawamjui, ingawa ni mwenzetu wa taaluma: Sir Charles Eliot.

Alizaliwa Uingereza mwaka wa 1862, akasomea Oxford, ambako alitunukiwa kwa umahiri wake wa Kisanskriti. Sarufi yake ya Kifini ilichapishwa mwaka wa 1890, naye hajatimiza miaka thelathini. Nakiri kwamba namwonea wivu.

Mwaka wa 1900 aliteuliwa kuwa Kamishna wa himaya ya Afrika Mashariki, kwani cheo cha gavana kilikuwa bado hakijaanza kutumika huku. Naivasha na Nakuru zilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda hadi mwaka wa 1902, zilipotiwa chini yake. Reli ilikuwa imemeza fedha nyingi, naye akaamini kwamba walowezi wa Kizungu ndio watakaozirudisha. Mwaka wa 1903 Lord Delamere akapewa ekari 100,000 huko Njoro.

Barua zake ndizo hunikosesha raha. Aprili 1904 alimwandikia Lord Lansdowne, Waziri wa Mambo ya Nje, kuwa Wamaasai na makabila mengine mengi hawana budi kutoweka, na kwamba dhamiri yake haikumsuta kwa hilo. Miezi miwili baadaye alijiuzulu kwa hasira, akidai haki. Haki ya nani? Lansdowne alikuwa amemzuia kuwapa ardhi ya Bonde la Ufa Wazungu wawili kutoka Afrika Kusini, Chamberlain na Flemmer, ilhali kampuni ya East Africa Syndicate iliruhusiwa kuchukua maili mraba 500. Naibu wake, Frederick Jackson, alikuwa amewatetea Wamaasai. Eliot aliona hoja hiyo ni kisingizio tu. Katika mabishano hayo yote Mmaasai ni mtendwa: anatajwa, haulizwi.

Agosti 1904 mrithi wake, Sir Donald Stewart, alifunga mkataba na Olonana na viongozi wenzake. Wamaasai wakaondolewa katika Bonde hili, wengi wakapelekwa Laikipia kwa ahadi ya kukaa huko daima. Mkataba wa 1911 ukawahamisha tena.

Mwaka wa 1905 A. C. Hollis alichapisha kitabu maarufu juu ya lugha na hadithi za Wamaasai. Aliyeandika utangulizi wake ni Eliot yuyo huyo.

Baadaye aliongoza vyuo vikuu vya Sheffield na Hong Kong, akawa balozi Japani, akaandika majuzuu matatu juu ya Uhindu na Ubudha. Alifariki mwaka wa 1931 melini, akirejea kutoka Japani, akazikwa baharini.