Mwana Kupona binti Mshamu: Mama Aliyewarithisha Wanawe Dini

Mtu anapoona kwamba siku zake zimekaribia kwisha, mara nyingi huwaita warithi wake akawaonesha mashamba, nyumba na madeni. Mwana Kupona binti Mshamu alipolemewa na ugonjwa alimwita binti yake aje karibu na wino na karatasi. Yatupasa kuyakumbuka maisha ya mama huyu, hasa sisi tupendao dini iingie majumbani mwetu, isiishie msikitini.

Alizaliwa karibu mwaka 1810 katika kisiwa cha Pate, upande wa Lamu, pwani ya kaskazini ya nchi iitwayo leo Kenya. Akaolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siu, mji mdogo wa kisiwa hicho hicho. Siu ilikuwa ndogo kwa eneo, lakini si kwa heshima. Mafundi wake walisifika kwa kazi ya ngozi, na wanavyuoni wake kwa kuinakili Kurani Tukufu kwa mkono. Wala watu wake hawakuwa wepesi kutawaliwa: mwaka 1845 jeshi la Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, lilikwenda kuwapiga likashindwa vibaya. Katika nyumba ya kiongozi wa mji kama huo ndimo Mwana Kupona alimokuwa mke na mama.

Mwaka 1856 Bwana Mataka akafariki. Mjane akabaki na watoto, na miongoni mwao binti yake, Mwana Hashima, msichana aliyekuwa amefikia umri wa kuwa na nyumba yake. Kisha mama mwenyewe akashikwa na maradhi yaliyotimiza mwaka bila kumwacha. Fikiri, ewe msomaji, hali ya mzazi huyo: mume amekwenda, afya imekwenda, na binti bado hajaanza safari ya maisha. Ndipo mwaka 1858 alipotunga utenzi wake wa beti 102 kwa Kiswahili cha huko kaskazini, ukaandikwa kwa herufi za Kiarabu.

Sasa uangalie mpango wa mawaidha yake. Hakuanza na mapishi wala mapambo. Alianza na dini: binti ashike faradhi, na suna asiiache iwezekanapo. Baada ya hapo akataja adabu na ulimi mwema, kisha ukweli na uaminifu. Akamwonya asifanye urafiki na watu wasio na maana. Ndipo akafika kwenye mambo ya ndoa na usafi wa nyumba, wala masikini hakuwasahau. Mwisho akageukia dua, akimwomba Mwenyezi Mungu ampe afya, awalinde watoto wake na ndugu zake, na awarehemu Waislamu wote. Tena akawaalika wanawake wote wausome utenzi huo na kuufahamu, wasije wakalaumiwa mbele ya Mola wao.

Wako watu wa zama zetu wanaomlaumu mama huyu kwamba amemtaka mke amtii mume kupita kiasi. Twawajibu kwamba hapo mama alikuwa akisema na binti yake. Hakuwa akisema na mkwewe. Haki za mke Uislamu umezieleza wazi, na Mtume Mtukufu s.a.w. aliwausia waume wawatendee wake zao kwa wema. Basi mwanamume anayeufanya utenzi huu fimbo ya kumchapia mkewe, huku mwenyewe haswali wala hasemi kweli, ameziruka beti za mwanzo. Tena aliyeutunga ni mwanamke mwenye elimu, naye alitaka wanawake wenzake wasome. Hilo peke yake ni jibu kwa wale wasemao kwamba Uislamu humwacha mwanamke gizani.

Mwana Kupona alifariki katika miaka ya 1860. Katika miaka hiyo ya 1860 Siu nayo ikatiishwa na Zanzibar, enzi ya ukoo wa Mataka ikapita. Lakini maneno ya mjane hayakupita. Wanawake wa pwani waliyanakili na kuyahifadhi moyoni. Mwana Hashima aliishi hata karne ya 20. Na mwaka 1934 utenzi ulichapishwa Uingereza kwa kazi ya Alice Werner na William Hichens. Ufalme uliolindwa kwa bunduki umekwisha. Wosia wa mama mgonjwa ungali unasomwa.

Ewe mama unayekaa Sekei, chini ya Mlima Meru, huenda wewe ndiwe wa kwanza nyumbani mwako kuukubali Uislamu. Wazazi wako hawakukuachia wosia wa namna hii, na pengine wasikitika kwa hilo. Usisikitike. Mwana Kupona wa nyumba yako ni wewe. Ndiyo sababu Hadhrat Khalifatul Masih II r.a. aliianzisha Lajna Imaillah mwaka 1922 huko Qadian, ili wanawake wajifunze dini na kuwafundisha wengine. Si lazima utunge beti. Mfundishe mwanao Sala kwa maana yake, asikie kweli kinywani mwako, akuone ukimpa jirani masikini. Wala usingoje ugonjwa ukukumbushe. Anza jioni ya leo.

Mwenyezi Mungu amrehemu mama huyo, na atujaalie sisi nasi tuache nyuma yetu watoto wanaomjua Mola wao. Amin.