Hofstadter: Aliyepima protoni katikati ya ‘kelele’ za mionzi

Robert Hofstadter alizaliwa New York, Marekani, mwaka 1915. Miaka ya 1950, akiwa Chuo Kikuu cha Stanford, alirusha elektroni kwenye protoni aone zinavyotawanyika.

Shida ikawa mionzi isiyotakiwa. Ikiingia kwenye hesabu, kipimo chote kinaharibika.

Alifanyaje? Sumaku kubwa ilichambua elektroni kulingana na nishati zake. Kigunduzi nacho kilizungushiwa kinga nzito, na kiliitikia chembe zenye kasi kubwa tu. Zile za polepole, nje!

Kumbe protoni si nukta tupu, ina ukubwa wake. Mwaka 1961 akapata Nobel ya Fizikia, akigawana na Rudolf Mössbauer wa Ujerumani. Alifariki mwaka 1990.