Padri Kaiser: Ngao ya wanyonge wa Transmara

WAPIGANAPO tembo, nyasi huumia. Ukweli wa methali hiyo ulidhihirika mwaka wa 1992, wakati mapigano ya kikabila yaliyochochewa na siasa za kurejeshwa kwa mfumo wa vyama vingi yalipozikumba Londiani, Molo, Olenguruone na sehemu nyingine za Bonde la Ufa. Nyumba ziliteketezwa, masomo yakakatizwa, na watoto wengi wakaanza kulelewa kambini badala ya nyumbani.

Miongoni mwa viongozi wa dini waliosimama na wahasiriwa wa uhasama wa miaka hiyo, ni wachache waliolipa gharama kubwa kama Padri John Anthony Kaiser wa Kanisa Katoliki.

Kaiser alizaliwa Novemba 29, 1932 katika mji mdogo wa Perham, jimbo la Minnesota nchini Marekani, katika familia ya wakulima. Kabla ya kuitikia wito wa upadri, alikuwa askari wa miavuli katika jeshi la nchi yake. Baadaye alijiunga na shirika la wamishonari wa Mill Hill, na baada ya kupewa daraja la upadri mwaka wa 1964 alitumwa Kenya, taifa lililokuwa na umri wa mwaka mmoja tu tangu lijipatie uhuru.

Kwa muda wa karibu miaka 30 alihudumu katika Dayosisi ya Kisii. Alijifunza Ekegusii akakizungumza kwa ufasaha, akasafiri vijijini kwa pikipiki, na hakuona haya kushika mwiko na nyundo ili kujenga makanisa na madarasa kwa mikono yake mwenyewe. Laiti maisha yake yangeishia hapo, angekumbukwa kama mmishonari mchapakazi, mmoja miongoni mwa wengi.

Mambo yalibadilika alipohamia Dayosisi ya Ngong. Mnamo 1994 alipelekwa katika kambi ya Maela, karibu na Naivasha, walikokuwa wakiishi maelfu ya watu waliofurushwa kutoka Enoosupukia mwaka uliotangulia. Huko alijionea watoto wakiugua na kulala njaa chini ya vipande vya plastiki. Disemba mwaka huo serikali iliibomoa kambi hiyo, ikawapakia wakazi wake kwenye malori usiku na kuwatupa katika sehemu mbalimbali za Mkoa wa Kati. Padri huyo alipojaribu kupinga ukatili huo, aliondolewa kwa nguvu.

Baada ya hapo alipewa parokia ya Lolgorien, Transmara, eneo linalopakana na mashamba ya majani chai ya Bomet na nyanda za Kisii. Hapo ndipo alipoianza kazi ambayo haikuvuma sana kama ushahidi wake wa kisiasa, lakini pengine ndiyo iliyomgharimu zaidi: kuwatetea wasichana wadogo waliodhulumiwa na watu wenye madaraka.

Wakati huo, msichana wa kijijini aliyenajisiwa hakuwa na pa kukimbilia. Mara nyingi jamaa zake walihofia aibu, polisi wakamwogopa mshtakiwa, na wazee wakataka jambo hilo limalizwe kimyakimya. Kwa mlalamikaji maskini, msemo kwamba mnyonge hana haki ulikuwa sheria kuliko sheria yenyewe. Kaiser alikataa kuukubali. Wasichana wawili wa eneo hilo walipodai kunajisiwa na waziri mmoja wa serikali ya wakati huo, aliwasikiliza, akawaamini na kuwasaidia kulifikia Shirika la Mawakili Wanawake (FIDA) ili malalamiko yao yafike mahakamani. Waziri huyo alikanusha madai hayo.

Kufikia hapo tayari alikuwa na maadui wakubwa. Mapema mwaka wa 1999 alitoa ushahidi mbele ya Tume ya Jaji Akilano Akiwumi iliyochunguza mapigano ya kikabila, akawataja hadharani vigogo wa serikali aliowahusisha na ghasia na unyakuzi wa ardhi. Kabla mwaka huo kumalizika, serikali ilijaribu kumfurusha nchini kwa sababu ya kibali chake cha kuishi, ikalegeza msimamo baada ya Kanisa na ubalozi wa Marekani kuingilia kati. Machi 2000, Chama cha Mawakili Nchini (LSK) kilimtuza kwa utetezi wake wa haki za binadamu.

Miezi mitano baadaye, alfajiri ya Agosti 24, 2000, mwili wake ulipatikana kando ya gari lake katika njia panda ya Morendat, kwenye barabara ya Naivasha kuelekea Nakuru. Alikuwa amepigwa risasi kichwani, na bunduki yake ilikuwa karibu naye. Alikuwa na umri wa miaka 67. Alizikwa Lolgorien, miongoni mwa watu aliowatumikia.

Mnamo 2001, Shirika la Upelelezi la Marekani (FBI) lilitoa ripoti iliyohitimisha kwamba alijiua, likizingatia pia kwamba aliwahi kutibiwa maradhi ya akili. Maaskofu na jamaa zake waliikataa ripoti hiyo. Uchunguzi wa umma ulianzishwa mwaka wa 2003, na Agosti 2007 Hakimu Maureen Odero akaamua kwamba padri huyo aliuawa, akaagiza upelelezi uendelee. Hadi leo hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo. Nayo kesi iliyomhusu waziri ilikuwa imeondolewa baada ya kifo cha mtetezi wa walalamikaji, pasipo mahakama kuamua nani alisema kweli.

Tangu hapo sheria zimepiga hatua. Bunge lilipitisha Sheria ya Watoto mwaka wa 2001 na Sheria ya Makosa ya Kingono mwaka wa 2006, na ile ya watoto ikaandikwa upya mwaka wa 2022. Hata hivyo, sheria haitembei yenyewe kutoka Nairobi hadi kijijini. Huhitaji mtu mzima wa kumsikiliza mtoto, kumwamini, na kumfuata hadi kituo cha polisi na mahakamani bila kujali mshtakiwa ni nani. Kaiser aliifanya kazi hiyo wakati ambapo sheria hizo hazikuwapo kumsaidia.

Kwa hivyo heshima anayostahili haiwezi kutimizwa na misa za ukumbusho za kila Agosti pekee. Faili ya Morendat bado haijafungwa, na katika vijiji vingi, kuanzia Transmara hadi Londiani, bado wapo wasichana wanaonyamazishwa ili jina la mkubwa fulani lisichafuliwe.