Benjamin Franklin na Uteuzi wa Vitabu vya Wengi

Utangulizi

Jina la Benjamin Franklin linapotajwa, aghalabu watu hukumbuka tiara na radi, saini yake kwenye Azimio la Uhuru wa Marekani la mwaka 1776, au sura yake kwenye noti ya dola mia moja. Ni nadra kukumbukwa kwamba kabla ya hayo yote alikuwa mpiga chapa kijana aliyewakusanya mafundi wenzake kila Ijumaa jioni ili wasome na kujadiliana. Swali la kitabu kipi kinunuliwe, kwa lugha ipi na kwa ajili ya nani, lilimshughulisha tangu ujana wake hadi mwaka mmoja kabla ya kufa. Katika swali hilo alishinda katika maktaba na kushindwa katika chuo. Mambo haya mawili yanafaa kutazamwa pamoja.

Malezi na kiu ya vitabu

Franklin alizaliwa mjini Boston tarehe 17 Januari 1706. Babake, Josiah, alikuwa mtengenezaji wa mishumaa na sabuni mwenye watoto wengi, na Benjamin ndiye aliyekuwa kitinda mimba miongoni mwa wana wa kiume. Josiah alikusudia kumtoa mwanawe huyu awe mtumishi wa kanisa, lakini gharama za masomo zilimrudisha nyuma. Kijana alikaa shuleni muda wa miaka miwili hivi, na alipofika umri wa miaka kumi alikuwa tayari akikata tambi za mishumaa katika karakana ya babake. Elimu yake iliyosalia yote aliitafuta vitabuni.

Vitabu vilikuwapo nyumbani, ila vingi vilikuwa vya mabishano ya kitheolojia. Franklin alivisoma kwa kuwa hapakuwa na vingine, na baadaye maishani alisikitika kwamba wakati kiu yake ya maarifa ilipokuwa kali mno hakupata vitabu vilivyomfaa zaidi. Miongoni mwa vichache alivyovithamini ni kile cha Plutarch kuhusu maisha ya watu mashuhuri wa Ugiriki na Roma. Kwa pesa zake za kwanza alinunua kazi za John Bunyan, kisha akaziuza ili apate vijitabu vya historia vya bei nafuu. Hivyo, angali mtoto, alikwisha kuonja adha ya kusoma kilichochaguliwa na mwingine na raha ya kujichagulia mwenyewe.

Mwaka 1718, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, alifanywa mwanagenzi wa kakake James, aliyekuwa mpiga chapa. Kazi hiyo ilimkutanisha na wanagenzi wa wauza vitabu. Wao walimwazima kitabu jioni, naye alikesha akikisoma ili kirudi dukani alfajiri kabla ya kukosekana. Alipoacha kula nyama, nusu ya pesa alizopewa za chakula aliziweka akiba ya kununulia vitabu. Aidha, alijifunza uandishi kwa kulisoma jarida la The Spectator, kuandika muhtasari wa hoja zake, kuliweka kando kwa siku kadhaa, na kisha kujaribu kuijenga upya makala kwa maneno yake mwenyewe. Baadaye alilinganisha kazi yake na ya asili na kusahihisha makosa.

Mwaka 1723 alimtoroka kakake na kuhamia Philadelphia, na kuanzia mwishoni mwa 1724 hadi 1726 alifanya kazi London. Huko alipanga chumba jirani na duka la mwuza vitabu mmoja, wakaelewana kwamba kwa malipo kidogo angeazima kitabu chochote, akisome na kukirejesha. Maktaba za kuazimisha vitabu kwa ada hazikuwa zimezoeleka wakati huo. Yamkini wazo lake la baadaye lilianza kuchipuka hapo.

Chama cha Ijumaa

Mnamo 1727, akiwa amerejea Philadelphia na umri wake ni miaka 21, Franklin aliunda chama kidogo kilichoitwa Junto. Idadi ya wanachama haikuzidi kumi na wawili. Orodha yao inaonyesha ni watu wa aina gani walioketi pale: wapiga chapa, seremala, mpima ardhi, karani wa mfanyabiashara, mnakili wa hati aliyependa ushairi, mtu aliyelelewa katika ushonaji viatu na akapenda hisabati, na Thomas Godfrey, fundi wa vioo aliyejifundisha hisabati mwenyewe. Robert Grace pekee ndiye aliyekuwa bwana mwenye mali. Kwa kifupi, hapakuwa na msomi wa chuo aliyeketi kuwafunza wengine.

Walikutana kwanza katika nyumba ya kuuzia pombe, kisha katika chumba nyumbani kwa Grace. Kila mwanachama alitakiwa kuleta kwa zamu swali kuhusu maadili, siasa au sayansi, na mara moja kila miezi mitatu kusoma insha aliyoiandika mwenyewe. Kauli za ubishi na za kujifanya mjuzi wa yote zilipigwa marufuku, na aliyezitoa alitozwa faini ndogo. Palikuwa pia na maswali ya kudumu ambayo kila mkutano ulianza nayo, la kwanza likihusu jambo la maana ambalo mwanachama alilikuta katika kitabu alichokisoma karibuni.

Utaratibu mmoja wa chama hiki unastahili kuzingatiwa zaidi. Maswali yalisomwa mkutanoni wiki moja kabla ya kujadiliwa. Kwa hivyo kila mtu alikwenda kutafuta kitabu kitakachomsaidia kulijibu swali, badala ya kukiendea kitabu kwanza na kutafuta la kusema juu yake. Swali lilikitangulia kitabu. Chama kilidumu kwa takriban miaka arobaini, na bila shaka utaratibu huo ulikuwa miongoni mwa sababu zake.

Uteuzi wa vitabu

Tatizo lilikuwa upungufu wa vitabu. Philadelphia haikuwa na duka la maana la vitabu. Waliovihitaji waliviagiza Uingereza. Franklin alipendekeza wanachama wavilete vyao katika chumba cha mikutano ili kila mmoja afaidi vya wenzake. Vilipokusanywa vilijaza upande mmoja tu wa chumba, na kwa kuwa havikupata mtu wa kuvitunza ipasavyo, baada ya mwaka mmoja hivi kila mtu alivirudisha vyake nyumbani.

Kutokana na kushindwa huko alibuni mpango mwingine. Tarehe 1 Julai 1731 mkataba wa Library Company of Philadelphia uliandikwa: wanachama hamsini, kila mmoja akitoa shilingi arobaini za kuanzia na shilingi kumi kila mwaka. Kuwapata hamsini hao kulikuwa kazi ngumu. Franklin aligundua kuwa watu husita kuchangia jambo ambalo mwanzilishi wake huenda akapata sifa kuwapita majirani zake. Basi alijiweka nyuma ya pazia na kuueleza mpango huo kuwa wa marafiki kadhaa waliomtuma. Njia hiyo ilifaulu, naye akaitumia tena katika shughuli nyingine nyingi.

Pesa zilipopatikana, swali la uteuzi likawa dhahiri. Wakurugenzi walimwendea James Logan, mwanasiasa na mwanazuoni aliyesifika kuvijua vitabu kuliko mtu yeyote katika eneo hilo, ambaye maktaba yake binafsi ilisheheni kazi za Kilatini na Kigiriki. Walimwomba ushauri, lakini orodha iliyopelekwa London mwisho wa Machi 1732 pamoja na hati ya malipo ya pauni 45 ilikuwa ya mafundi. Ilikuwa na historia za dunia na za Uingereza, safari, atlasi, sarufi za Kiingereza, kamusi, jiometria ya Euclid, elimu ya nyota, anatomia, kemia, kilimo, na kitabu cha Palladio kuhusu ujenzi. Homer na Virgil waliagizwa katika tafsiri za Kiingereza, na The Spectator aliyoisoma Franklin utotoni ilikuwamo. Waliagiza hata orodha za vitabu vinavyouzwa, ili uteuzi wa baadaye uwe wa watu wanaojua kilichoko sokoni. Peter Collinson, mfanyabiashara wa London aliyependa mimea, alisimamia ununuzi na kuongeza zawadi yake: kitabu kuhusu falsafa ya Newton na kamusi ya mtunza bustani.

Orodha ya vitabu iliyochapishwa mwaka 1741 yadhihirisha mwelekeo huo. Ukiondoa zawadi, karibu theluthi moja ya vitabu ilikuwa ya historia, jiografia na safari. Fasihi na sayansi zilikaribia sehemu ya tano kila moja. Theolojia ilikuwa sehemu ya kumi tu. Vyuo vya Harvard na Yale, vilivyowaandaa wachungaji wa kanisa, havikuwa na maktaba za namna hiyo. Takriban vitabu vyote vilivyonunuliwa vilikuwa kwa Kiingereza, lugha ambayo seremala na fundi wa vioo waliitumia kazini. Hata hivyo, heshima ya lugha ya wasomi haikuisha mara moja: kaulimbiu iliyowekwa kwenye muhuri wa maktaba hiyo ya mafundi ilikuwa ya Kilatini.

Ikumbukwe pia kwamba neno wengi lilikuwa na mipaka. Shilingi arobaini hazikuwa mfukoni mwa kila mtu, na watumwa wa Philadelphia hawakuhesabiwa. Franklin mwenyewe alimiliki watumwa, na gazeti lake lilichapisha matangazo ya kuwauza. Alibadilika polepole. Mwaka 1763 alizuru shule ya watoto Weusi mjini humo na kukiri kwamba uwezo wao haukupungukiwa na ule wa watoto Weupe, na mwaka 1787 aliongoza jumuiya ya kupinga utumwa ya Pennsylvania. Maktaba aliyoianzisha iliwafungulia watu wa kazi mlango ambao ulibaki umefungwa kwa wengine.

Hata hivyo, matunda yake hayakuwa haba. Miaka ya 1740 Collinson aliitumia maktaba mrija wa kioo wa kuzalishia umeme pamoja na maelezo ya matumizi yake, na kwa chombo hicho Franklin alianza majaribio yaliyomletea sifa ulimwenguni. Mwaka 1774, wajumbe wa makoloni walipokutana katika jengo la Carpenters' Hall, ghorofa ya juu ya jengo hilo ilikuwa na vitabu vya maktaba, nao wakaruhusiwa kuvitumia.

Chuo na lugha

Mwaka 1749 Franklin aliandika mapendekezo ya kuanzisha chuo cha vijana mjini Philadelphia, taasisi iliyokuja kuwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Alitaka Kiingereza kiwe msingi wa masomo, vijana wakisoma waandishi bora wa lugha yao wenyewe. Lakini pesa zilitoka kwa matajiri na wasomi waliotaka Kilatini na Kigiriki, naye akakubali shule mbili ziwe chini ya paa moja. Hapo mizani ililemea upande mmoja. Mwalimu wa Kilatini alipewa cheo cha mkuu na mshahara wa pauni 200 kwa mwaka. Wa Kiingereza hakupewa cheo, na mshahara wake ulikuwa nusu ya huo. Wadhamini waliidhinisha pauni 100 za kuagiza vitabu na vifaa vya shule ya Kilatini, na shule ya Kiingereza haikutengewa kitu.

Franklin alikaa ng'ambo kwa miaka mingi, akiwa Uingereza na kisha Ufaransa, na shule ya Kiingereza ikadhoofika. Mnamo Juni 1789, akiwa mzee mgonjwa wa miaka 83, aliandika waraka mrefu kueleza jinsi nia ya waanzilishi ilivyosalitiwa, akijitia mwenyewe miongoni mwa waliokuwa wamelegea. Alikifananisha Kilatini na kofia ambayo mabwana wa zama hizo waliibeba kwapani: matumizi yake yalikwisha kitambo, lakini hakuna aliyethubutu kuonekana bila kuwa nayo.

Zawadi ya mwisho

Katika jimbo la Massachusetts ulikuwapo mji mdogo uliojiita Franklin mwaka 1778 kwa heshima yake. Wakazi wake walimwomba kengele ya kanisa. Mwaka 1785 aliamua kuwapa vitabu badala yake, akiamini kuwa hekima ingewafaa kuliko mlio, na akamwomba rafiki yake Richard Price wa London awachagulie. Vilipofika, jumla yake 116, watu wa mji waligombana juu ya nani ana haki ya kuviazima.

Benjamin Franklin alifariki Philadelphia tarehe 17 Aprili 1790, akiwa na umri wa miaka 84. Baadaye mwaka huo huo wakazi wa mji wa Franklin walipiga kura, wakaamua kuwa vitabu viazimwe bure na kila mkazi.

Hitimisho

Maisha ya Franklin yanaonyesha kwamba kitabu kinachokifaa kikundi si lazima kiwe kile chenye hadhi kubwa. Palipokuwa na wasomaji waliojiwekea maswali yao na kujichagulia vitabu kwa lugha yao, mafundi wasiokuwa na elimu ya chuo walijenga maktaba iliyodumu hadi leo. Uteuzi ulipoachiwa waliothamini hadhi ya lugha kuliko mahitaji ya msomaji, lugha ya wengi ilipewa chumba, ikanyimwa rafu. Franklin aliliona hilo baada ya miaka arobaini, kwa kuchelewa. Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wanaoketi kuamua kitabu kitakachojadiliwa muhula ujao wanaweza kuliona mapema zaidi.