John Ambrose Fleming, mutu aliyenyoosha umeme

Wandugu wanafunzi, ninyi munaosoma fizika munajua kanuni ya vidole vitatu: kidole gumba kinaonyesha mwendo, cha pili kinaonyesha nguvu ya sumaku, cha katikati kinaonyesha umeme unakokwenda. Kanuni ile ilitoka kwa mwalimu mumoja Mwingereza aliyetaka wanafunzi wake wasisahau. Jina lake John Ambrose Fleming. Lakini kazi yake kubwa ni ingine.

Alizaliwa tarehe 29 Novemba 1849 katika muji wa Lancaster. Baba yake alikuwa muchungaji, na feza za masomo hazikutosha. Kwa miaka miwili hivi Fleming alifanya kazi ya karani mjini London, na magaribi alikuwa anasoma. Alipata diploma mwaka wa 1870, akafundisha, akaweka akiba, kisha mwaka wa 1877 akarudi kwenye banki ya shule kule Cambridge ili asome kwa profesa Maxwell. Masomo ya Maxwell yalikuwa magumu sana. Siku zingine Fleming alikuwa peke yake mbele ya profesa!

Tangu 1882 alifanya kazi katika kampuni ya Edison mjini London. Edison alikuwa ameona jambo la ajabu: ukitia kipande cha chuma ndani ya ampule, umeme unatoka kwenye waya yenye moto na kuvuka mahali patupu mpaka kwenye kile chuma. Fleming alipima jambo hilo kwa miaka, akaona kwamba umeme unavuka upande mumoja tu. Kisha ampule zile zikabaki katika kabati.

Mwaka wa 1899 Marconi alimwita amusaidie. Ni Fleming aliyetengeneza mashine za nguvu za Poldhu, zilizotuma alama kupita bahari ya Atlantiki katika Desemba 1901. Sifa zilimwendea Marconi.

Sasa sikieni shida yake. Alama za redio zilisikilizwa kwa masikio, na masikio ya Fleming yalikuwa yanakufa polepole. Alitaka kuona alama kwa macho, kwa sindano ya galvanometa. Lakini umeme wa wimbi la redio unakwenda na kurudi mara elfu nyingi katika sekunde moja. Sindano inasukumwa kuume, mara moja inasukumwa kushoto, basi inabaki palepale. Ilifaa kuunyoosha umeme ule, uende njia moja.

Katika Oktoba 1904 alikumbuka zile ampule za kabati. Akatoa moja, akaifunga kwenye waya, na sindano ikatembea. Tarehe 16 Novemba aliandikisha uvumbuzi wake. Aliuita valvu, na jina linafaa: valvu ya kinga inaacha hewa iingie, inaikataza kutoka. Wengine wanasema ilikuwa ampule ya zamani tu. Mimi naona kwamba kukumbuka saa ile ile inayofaa ni kazi pia.

Lakini ilikuwa na ubaya. Waya yake ilipaswa kuwaka kila wakati, na umeme mwingi ulipotea bure kwa kuipasha moto. Leo diodi ndogo ya silisiamu inafanya kazi ile bila kupashwa moto. Telefone inayojazwa umeme bila waya iko na kinyoosha-umeme ndani yake, sababu umeme unaofika unageuka mara laki moja na zaidi katika sekunde, na betri inataka umeme wa njia moja. Hata diodi ya silisiamu inakula karibu volti 0,7. Tena ikichelewa kufunga mulango, sehemu ya umeme inarudi nyuma. Kwa hiyo wahandisi wanatafuta diodi zinazokula kidogo na kufunga mbio.

Haki za valvu zilikuwa za kampuni ya Marconi. Mwaka wa 1906 Mwamerika Lee de Forest aliongeza kipande cha tatu ndani ya ampule, na mashitaki yakachukua miaka mingi. Fleming aliendelea kufundisha katika chuo kikuu cha London mpaka 1926. Mufalme alimupa cheo cha Sir mwaka wa 1929. Mwaka wa 1943, akiwa muzee wa miaka 93, korti kubwa ya Marekani iliamua kwamba hati yake ya uvumbuzi haikuwa na nguvu kule. Alikufa tarehe 18 Aprili 1945, masikio yakiwa yamefungwa tangu zamani.